Kijitabu cha Arobaini na Saba

Jumapili, 16 Novemba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote hapo nyumbani, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Baba Chiriku anaendelea na useremala wake, bado anakoroma, na bado anabisha kwamba hakoromi. Mimi nimelala vizuri siku mbili mfululizo, ndiyo maana nimepata nguvu ya kushika kalamu. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Usinikasirikie, dada. Soma taratibu, nitakueleza yote.

Wiki hii shuleni kwetu tulikuwa na mtihani wa kusoma na kuhesabu wa darasa la nne, ule wa shule zote. Watu hudhani mtihani ni karatasi na penseli tu. Sisi tunaoupanga ndio tunaojua. Ofisi ya elimu hutoa wiki moja: Jumatatu kusoma, Jumatano kuhesabu, Ijumaa ni ya watoto waliokosa. Kila siku lazima mmalize kabla ya saa nne, watoto wakiwa hawajachoka. Kazi ya orodha ni yangu mimi karani. Februari napeleka majina, Agosti orodha inarudi niihakiki, Oktoba inarudi tena, halafu kila mtoto anachapiwa kijitabu chake chenye jina na namba juu ya jalada. Walimu wetu siku hizo hupelekwa kusimamia shule nyingine, na huku kwetu huletwa mgeni, ili asiwepo wa kuwanong'onezea watoto wake.

Chumba nacho kina masharti yake. Madawati yaachane hatua mbili, na ukutani pasionekane neno wala namba. Sasa darasa la nne lina jedwali la kuzidisha lililopakwa rangi ukuta mzima. Tulibandika magazeti, yakaisha tukiwa tumefika mara sita. Nikakimbia nyumbani nikachukua lile shuka la maua ulilonipa nilipoolewa, tukalipigilia misumari. Mtoto mmoja alipoingia aliuliza kama ukuta unaumwa. Kengele haikugongwa. Madarasa mengine yalitoka kwa kuonyeshwa mkono, na shule nzima ilitembea kwa vidole vya miguu kama nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala.

Mwalimu Mkuu wetu ni mgeni, sidhani kama nimewahi kukuandikia habari zake. Aliletwa Januari, yule mzee alipostaafu. Ni mtu mpole, mwili mkubwa, sauti ndogo, na watoto wanamwita Redio kwa sababu wanasema betri zake zimekwisha. Anajua jina hilo na huwa anacheka. Msimamizi aliyeletwa yeye ni mwanamume mwembamba, kalamu tatu mfukoni, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumgusa.

Jumatatu msimamizi alikata bahasha mbele yetu, akahesabu vijitabu arobaini na saba. Watoto waliokaa walikuwa arobaini na sita. Akawa anaita jina, mtoto anainuka, anapokea, anarudi. Mwisho kikabaki kimoja mkononi mwake. Akalisoma jina lililo juu yake, majina yote matatu, na lilikuwa la Chiriku wetu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na boksi la penseli. Msimamizi akauliza huyu yuko wapi. Watoto wakanitazama mimi, halafu wote wakainamia madawati yao. Akauliza tena, kwa ukali kidogo, je, hapa hakuna anayemjua mwenzake? Dada, unakumbuka baada ya mazishi mwalimu wa darasa aliwakataza kumtaja Chiriku mbele yangu, wasije wakanitonesha? Watoto wale wamelishika katazo hilo mwaka mzima. Hata yule aliyekuwa akikaa naye dawati moja, tukikutana uwanjani ananiamkia na kupita upesi, kama aliyebeba kitu anachoogopa kukimwaga. Basi wakanyamaza. Msimamizi akanigeukia mimi karani, nami nikajibu kwamba nitatazama kwenye faili.

Ndivyo nilivyojibu. Nitatazama kwenye faili. Akaandika kwamba mtoto hakufika, mtihani ukaanza.

Jumatano ya kuhesabu ikawa vilevile, kijitabu kimoja kikabaki. Safari hii msimamizi akaomba daftari la mahudhurio. Jina la Chiriku halimo. Akaomba orodha iliyopelekwa ofisini, yenye sahihi ya Mwalimu Mkuu. Jina limo. Akaifunga orodha, akamwambia Mwalimu Mkuu, mimi nikiwa hapo hapo mezani kwangu, kwamba mambo haya ameyaona kwingi: huyu ni mwanafunzi hewa, jina limepachikwa ili shule ionekane kubwa na ipewe vitabu vingi na mwalimu wa ziada. Na linalomchukiza zaidi, alisema, ni kwamba watoto wadogo wale wamefundishwa kunyamaza. Ametazama nyuso zao. Wamefundishwa.

Mwalimu Mkuu alisema, kwa sauti yake ile, kwamba alisaini orodha kama alivyoletewa na kwamba yuko tayari kuapa. Msimamizi akamjibu kwamba kiapo hakina namba ya usajili. Mtoto aletwe Ijumaa saa mbili kamili, siku ya waliokosa. Asipoonekana, taarifa inakwenda, na Mwalimu Mkuu anasimamishwa kazi kabla ya muhula kwisha.

Usishangae kwamba yeye hakujua. Jina la Chiriku la kwenye vyeti hajawahi kulisikia. Ananiita Mama Chiriku kama watu wote, na walimu ambao wangemwambia walikuwa wametawanywa kwenye shule za watu. Alipekua mafaili hadi chai yake ikaota utando. Kisha akanisogelea, akaniambia Mama Chiriku, nisaidie, tumwandikie mzazi. Akasema maneno, mimi nikapiga chapa: Kwa mzazi. Mtoto wako hakufika kwenye mtihani wa kusoma na wa kuhesabu. Tafadhali umlete Ijumaa saa mbili kamili asubuhi, akiwa na penseli mbili na rula. Akasaini, akauliza nani ataipeleka. Nikamwambia naipeleka mwenyewe, napita njia hiyo.

Nikaitia mkobani, nikaenda nayo nyumbani.

Alhamisi nilishinda kazini kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mwalimu Mkuu aliniuliza kama mzazi ameipata, nikasema ameipata. Alinishukuru. Jioni niliporudi nilimkuta Baba Chiriku ameketi mezani, vumbi la mbao kwenye nyusi, na barua mkononi. Alikuwa anatafuta penseli mkobani mwangu. Unamjua, si mtu wa maneno. Aliisoma mpaka chini, akaisoma tena, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia. Aliikunja barua vizuri kwenye mikunjo yake ya mwanzo, akanirudishia, akasema basi kesho nenda, maana mzazi aliyeitwa ni wewe. Akauliza kama aje naye. Nikamwambia hapana, hili nililianza peke yangu.

Ijumaa walikuwa wameacha dawati moja tu katikati ya chumba. Kijitabu juu yake, penseli pembeni. Msimamizi amekaa mbele na saa yake, Mwalimu Mkuu amesimama dirishani anatazama lango. Saa mbili kamili niliingia na barua mkononi, nikasema mzazi amefika. Mwalimu Mkuu akaniambia kwa upole kwamba si sasa, Mama Chiriku, tunamsubiri mtu. Nikaiweka barua juu ya dawati. Nikawaambia kwamba mtu huyo ni mimi, kwamba jina lililo kwenye kijitabu ni la Chiriku, na kwamba Chiriku alifariki Oktoba ya mwaka jana, kwa homa ya siku nne.

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kile kiti cha mtoto, kikalia. Alisema tu, lakini Januari nilikuuliza ana umri gani. Na ni kweli, dada, siku aliyofika aliniuliza, nami nikamjibu ana miaka tisa.

Msimamizi alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama watoto walikuwa wanajua. Nikamwambia walijua wote, walikuwa wananisitiri. Akatoa ile taarifa yake kwenye jalada, akaichana mara mbili, akatafuta pa kuitupa, hakuona, akaishindilia kwenye mfuko wa lile shati lake. Mwalimu Mkuu akapumua pumzi ndefu, akasema tangu Jumatano alikuwa anafikiria namna ya kumweleza mkewe kwamba wafungashe tena mizigo wakati mingine hata hawajaifungua. Tukacheka, sote watatu, kicheko kile cha watu waliokoswa na gari.

Kisha Mwalimu Mkuu akataka kuniokoa. Alipendekeza tuandike kwamba karani alisahau, kwa sababu ya msiba, kila mtu ataelewa. Ningekubali, yangeishia hapo. Hata wewe ningekuandikia kwamba nilisahau.

Lakini sikusahau, dada. Februari nilikuwa na orodha ya darasa la tatu mbele yangu, naihamishia la nne, jina kwa jina. Nilipofika kwake mkono wangu uliandika, nami niliuona ukiandika. Nikajiambia nitalifuta Agosti. Agosti orodha ikaja, nikaweka alama kwamba ni sahihi. Oktoba ikaja tena, mwezi uleule aliofariki, nikaweka alama tena. Darasani walikuwa wamemfuta kwenye daftari. Viatu tumevigawa, magauni ulibeba wewe mwenyewe kwa kuwa mimi sikuweza kuyashika. Mahali pekee alipobaki anaendelea ni kwenye ile orodha. Nilitaka apande la nne na wenzake. Sikufikiria zaidi ya hapo, sikufikiria kwamba jina litachapwa na kurudi likidai mtu.

Niliwaambia hivyo hivyo kama ninavyokuandikia. Na nilimwomba radhi Mwalimu Mkuu, maana kuandika jina kuna huzuni yake, lakini kumtazama mtu siku mbili anahangaika bila kosa, nami nikiwa na jibu mkobani, hakuna huzuni inayoweza kunitetea. Hilo ndilo linaloniaibisha mbele yako pia. Yeye alisema amesikia, na kwamba barua ya onyo itabidi niandikiwe. Nikasema ni haki. Kwa kuwa karani ni mimi, niliipiga chapa mwenyewe, na kuna mahali alipokosea tarehe nikamsahihishia. Imo kwenye faili langu sasa, na wala hainiumi.

Kabla hajaondoka, msimamizi alinipa fomu ya watoto waliokosa. Ina visanduku: mgonjwa, amehama, mtoro. Cha mwisho kimeandikwa sababu nyingine, na pameachwa mstari. Kijitabu hakiruhusiwi kubaki, kinarudi ofisini na vingine, lakini alisema mstari ule naweza kuujaza mimi. Niliandika alifariki, na tarehe. Miezi kumi na mitatu, dada, na mkono wangu ulikuwa haujawahi kuliandika neno hilo. Niliposimama nilihisi njaa. Njaa kweli, ya mtu aliyetoka shambani.

Mchana nilikwenda darasa la nne kulichukua shuka langu. Walikuwa wanafanya usafi, wakanyamaza nilipoingia. Nikawaambia wanangu, kuanzia leo mtajeni Chiriku, mimi napenda kusikia. Wakatazamana. Yule wa dawati lake ndiye aliyeanza. Alisema kwamba kwenye hesabu Chiriku alikuwa anavua viatu chini ya dawati, vidole vya mikono vikimwishia anaendelea na vya miguu, na ukimwambia si ruhusa anasema mbona ni vyangu. Darasa zima likaangua kicheko, na mwingine akadakia, na mwingine, hata wakawa wanagombania zamu. Dada, mimi nilimzaa, na hilo la vidole sikulijua. Nimetoka pale na mambo kumi na moja mapya ya mtoto wangu. Nimeyaandika nisiyapoteze, na mkija likizo nitawasomea.

Nisikuchoshe zaidi. Baba Chiriku anakusalimu, anasema kabati lako liko tayari, limebaki vanishi. Msalimie shemeji, uwabusu wanangu mmoja mmoja, na lile goti ulikande kwa maji ya moto hata kama unaona uvivu. Na mkikaa pamoja jioni, mkitaja watu wa kwenu walio mbali, msiogope kututaja, mimi na Chiriku.

Ni mimi mdogo wako,

Mama Chiriku