Asisikie Sauti Yangu

Jumapili, 7 Septemba 2025

Pole, daftari. Tangu Aprili sijakuandikia hata mstari. Niliogopa kujisoma.

Jana nimerudi kutoka Chwele. Nimemwacha mwanangu Nanyama kwa mama. Ana mwaka mmoja na miezi minne, na alikuwa bado ananyonya. Beth wa ajenti ya kazi za nje aliniambia wazi: kazi ya kutunza wazee Doha, miaka miwili, mama anayenyonyesha hachukuliwi. Intavyu ni kwa video, Jumatatu ya tarehe 15. Basi nimefanya vile kwetu hufanywa. Mtoto hupelekwa kwa nyanya yake akaachishwe ziwa. Na sheria ya mama ni moja: mwezi mzima asisikie sauti yangu, hata kwa simu. Akisikia, kazi inaanza upya.

Nilitoka akiwa amelala. Sikumuaga.

Jumatano, 10 Septemba

Kifua kimekuwa jiwe kwa maziwa. Nimejifunga lesso, majani ya kabeji ndani kupunguza uvimbe. Leo kwa foleni ya maji, hapa Mashimoni, mtoto wa mtu alilia na blauzi yangu ikalowa mbele ya watu wote. Mama mmoja akavua sweta yake akanipa. Hakuuliza kitu.

Boaz, babake Nanyama, hapatikani kwa simu tangu nikiwa na mimba. Simwandikii tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeenda Kawangware kufanya mazoezi kwa Valary. Tulisoma pamoja ile kozi ya kutunza wazee. Chumba chake ni cha mawe, kimya. Changu ni mabati, na kanisa liko mgongoni. Jumatatu nitafanyia intavyu hapo kwake. Alitundika shuka nyeupe ukutani, akasimamisha simu kwa sufuria, akajifanya madam wa Doha atakayenihoji. Mzee akikataa kula utafanya nini? Nikajibu. Akianguka bafuni? Nikajibu. Una mtoto? Nikanyamaza.

“Ukinyamaza hivyo Jumatatu umejifukuza mwenyewe,” akasema. “Mama Nanyama, jibu kama mtu.”

Tukarudia mara kumi na moja. Ya mwisho nikasema bila kupepesa: ndiyo, mmoja, ameacha kunyonya, yuko na nyanya yake. Valary akacheka, eti sasa naongea kama mtu wa kuuza bima. Halafu yeye ndiye akalia.

Jioni nikampigia mama. Uji anakula, akasema. Nyuma yake nikamsikia Nanyama akiita kuku. Nikajiziba mdomo.

Jumatatu, 15 Septemba

Imeisha. Saa nne asubuhi, dakika ishirini na tano.

Madam ana miwani, anaongea polepole. Maswali ya wazee niliyajibu yote. Alipofika kwa mtoto, nikasema vile tulivyojizoeza. Akasema vizuri, sasa niwaingize kwenye video, nyanya na mtoto, awaone. Wengi wameshamdanganya.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Beth, naye akiwa kwenye video, akaniandikia: waite. Nikampigia dadangu Immaculate, ndiye mwenye simu nzuri kule nyumbani. Wakatokea, mama na Nanyama pajani. Mama alinitazama tu. Madam anangoja.

“Nanyama,” nikasema.

Aliangalia simu. Aliangalia kwa muda mrefu. Hakulia. Akageuka, akaficha uso kwa shingo ya mama na kumshika nguo kwa ngumi mbili.

Madam akasema mtoto ametulia, na hilo limempendeza. Akaandika kitu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepita. Beth amepiga asubuhi. Ndege ni mwezi ujao karatasi zikikamilika.

Mama naye amepiga. Hongera hakusema. Anasema jana baada ya video Nanyama alichukua simu ya Immaculate akaigeuza nyuma, akaangalia hapo. Akaigeuza tena. Walipomnyang'anya akalia mpaka akatapika. Uji amekataa tangu hapo.

“Mimi nimefanya kazi siku tisa,” mama akasema. “Wewe umesema neno moja.”

Nikamwambia ningenyamaza ningeikosa kazi, na mtoto huyo huyo atakula nini. Akasema anajua. Simu ikakatika. Sijampigia tena.

Beth anataka kila kitu kabla ya Ijumaa. Bado nahitaji nitumiwe kutoka nyumbani: cheti changu cha kuzaliwa, kiko kwa sanduku la baba. Nakala ya kitambulisho cha mama, mbele na nyuma. Barua ya chifu, yenye muhuri. Na barua ya mama mwenyewe, yenye sahihi yake, kwamba amekubali kumlea Nanyama miaka miwili.