Mama Alivyowafukuza Ndege Wangu

Jumapili. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa imekatika na ziwa limetulia kabisa. Vyura wa kule bondeni bado wanapiga kelele kama wako kwenye kampeni. Nimekaa kibarazani na kikombe cha chai ya tangawizi, nacheka peke yangu. Majirani wakiniona watasema dada wa stesheneri amechanganyikiwa.

Shajara, ngoja nianzie jana, maana leo haieleweki bila jana.

Unajua Mama yuko kwangu hapa Butimba tangu tumzike Baba. Unajua pia kwamba leo ndiyo ilikuwa aondoke, kwa basi la asubuhi kutoka Nyegezi, arudi Kwimba kwenye nyumba tupu. Nimembembeleza mpaka mate yamenikauka. Jibu lake ni lile lile: "Kabula mwanangu, nitakaa hapa nafanya nini? Maji yanatoka ukutani, mboga zinakuja zenyewe mlangoni. Mimi si pambo." Uwanja anaufagia, anaurudia, halafu anakaa kwenye kigoda anatazama mikono yake.

Na sitaki kukudanganya. Sitaki abaki kwa ajili yake tu. Nataka abaki kwa ajili yangu pia.

Jana ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya mafunjo. Siku za kazi nadurufu vyeti vya watu kule Igogo, lakini Jumamosi nawatembeza wageni kwenye kinamasi chetu cha mafunjo, hapo chini nyumba zinapoishia. Majirani wanaona ni matete tu, pori la mbu. Mimi nikianza kukiongelea sinyamazi. Maji machafu ya vijito kutoka milimani yanapita humo kwanza, mizizi inayachuja, ndipo yaingie ziwani. Samaki wadogo waitwao furu wanajificha humo kwa sababu sangara hawezi kuwafuata. Hewa ya humo majini ni kidogo, na yeye amezoea maji mapana. Kuna kamongo, yule samaki anayejizika matopeni, kuna kenge, na ukibahatika utamwona fisi maji.

Halafu yuko Bwana Harusi. Kitabuni ana jina refu la Kizungu, ila mimi namwita hivyo kwa mavazi yake: kifua chekundu, koti jeusi, kichwani njano. Haishi popote isipokuwa kwenye mafunjo. Yakifyekwa, na yeye ndiyo basi tena. Kumsikia ni rahisi, kumwona ni majaliwa.

Wageni wangu jana walikuwa Mama Salim, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, na mumewe, kila mtu na darubini yake shingoni. Mama Salim amezaliwa hapa hapa Mwanza. Amemsikia Bwana Harusi tangu utotoni na hajawahi kumtia machoni.

Nikamwambia Mama twende wote, asibaki peke yake na begi lake. Nikampa sharti moja tu: kimya. Akanijibu, "Kwani mimi mtoto?"

Ee Mungu wangu.

Kuna kitu nilikisahau. Mama yangu ameamia ndege maisha yake yote. Tangu usichana wake, mtama ukianza kukomaa, mpunga ukianza kutoa masuke, yeye yuko shambani kabla ya jua, anagonga makopo, anarusha matope, anapiga ukelele mpaka jioni. Kwake yeye, ndege wengi wakikaa pamoja maana yake ni moja: njaa.

Tulipofika, minana walikuwa wamejaa kwenye mafunjo, njano tupu. Wengine wanasuka viota, wengine wanagombania majani, wengine wananing'inia kichwa chini wakijionyesha kwa majike. Mama Salim akanong'ona, "Mashallah." Mumewe akainua darubini.

Mama akafunga kanga kiunoni.

"Haaaaiii! Tokeni! Tokeni hapo, wezi nyie!" Na bonge la tope likapita juu ya vichwa vyetu. Minana wote wakainuka kwa pamoja, vuu!, wakaenda zao upande wa ziwa. Kinamasi kikabaki kitupu. Ndala moja ya Mama nayo ikabaki topeni.

Nilitamani kamongo anikaribishe huko chini nizame mzima mzima. Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Mkono umeenda wenyewe," akasema, kwa kisauti ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Nimekuharibia, mwanangu. Unaona sasa? Ndiyo maana nasema nirudi kwetu."

Hapo moyo uliniuma kweli.

Nikainama kuitafuta ndala yake, tope lilikuwa limeshaimeza. Na kwa kuwa minana walikuwa wameondoka na kelele zao, tukasikia kitu kingine, karibu kabisa nasi: filimbi nzito, na papo hapo mlio mkavu ukiijibu. Dume na jike. Wanaitikiana haraka mpaka unadhani ni ndege mmoja. Mafunjo yakatikisika, na Bwana Harusi akapanda mpaka juu kabisa, kifua mbele, akaanza kutugombeza. Alikuwa amekereka, ametoka mwenyewe kuuliza nani kaleta fujo mtaani kwake.

Mama Salim akamshika Mama mkono. Hakuikumbuka hata darubini. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mumewe pembeni anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika.

Mama akaninong'oneza, "Huyu anakula mpunga?"

"Hapana, Mama. Anakula wadudu."

"Basi hana kesi."

Njia nzima ya kurudi alikuwa hakimu, mguu mmoja peku. Yangeyange anakula nini? Wadudu na vyura, aachiwe huru. Mnandi je? Samaki, hiyo kesi ya wavuvi, yeye haimhusu. Tulipompita fundi chuma, yule ndege ambaye wazee wanasema ni wa mikosi, amesimama kwenye jiwe, Mama akageuza uso na kuniambia huyo nisimguse wala nisimseme vibaya. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Lakini jioni begi lilikuwa bado limefungwa, limesimama mlangoni. Nikaenda kulala na huzuni yangu.

Leo nimeamka mapema nimwandalie chai ya safari. Chumbani hayupo. Begi lipo. Buti zangu za mvua hazipo.

Nikatoka na mwavuli hadi mwisho wa uwanja, nikamwona kule chini: kanga kichwani, buti zangu miguuni, amesimama pembeni mwa mafunjo. Minana wamesharudi, wamejaa kuliko jana, kelele mtindo mmoja. Na Mama yangu, mbele ya ndege wote wale, ameshikanisha mikono nyuma ya mgongo. Kimya.

Sikumwita. Nimerudi taratibu.

Saa ya basi imepita ndipo akaja, matope mpaka magotini. "Nimewaona wote wawili, yeye na mkewe," akaniambia. "Na mdomo nimefunga."

Nikasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chai iko wapi?"

Alipomaliza chai akafungua begi, akatoa kanga zote, hata zilizokuwa safi, akazifua, akazianika. Hivi ninavyoandika ziko kwenye kamba zinachuruzika maji, na jua lenyewe halipo. Mtu hasafiri na kanga mbichi. Habari za basi sijamuuliza. Naogopa nikimuuliza atalikumbuka.

Kesho nikitoka Igogo nitapitia sokoni kununua buti nyingine. Zangu nimeshanyang'anywa.