Sabufa ya Shemeji Elibariki

Jumanne, 4 Juni

Baridi. Ukungu hadi saa nne. Nimefunga amplifaya kwenye Noah ya mteja wa Sokon One, nikapima kama siku zote. Wimbo wa kwaya yetu, ule wa kwenye flashi. Redio juu, kisha bisibisi kwenye geni, skrubu ya nguvu ya amplifaya, pole pole, mpaka besi ianze kukwaruza. Hapo narudi nyuma kidogo. Basi. Nyimbo za dunia hazipigwi bandani kwangu. Niliahidi nilipookoka, na mtaa mzima wa Sakina unajua.

Mchana akaja shemeji Elibariki, kaka wa mke wangu, Mama Upendo. Buti la gari wazi, harufu ya koili iliyoungua. Sabufa ya pili hii kuungua, zote nimemfungia mimi. Gari lake hupiga muziki kwenye sherehe za watu, na Jumamosi ya wiki ijayo ni sendofu ya binti yake mwenyewe, ya kumuaga kabla ya ndoa.

Nilikasirika. Nikamwambia mbele ya watu, "Shemeji, pombe na muziki wa singeli ndivyo vimeikaanga. Sauti ya shetani huunguza."

Vijana wa gereji wakacheka. Yeye hakucheka. "Pombe niliacha kabla wewe hujajua njia ya kanisani." Akafunga buti. Hakuaga.

Sijisikii vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Mama Upendo ameshajua. Kaka yake amempigia simu. Amesema hanitaki kwenye sendofu. Gari atampa fundi mwingine. Mke wangu hakufoka. Amesema tu, "Nina kaka mmoja, Baba Upendo." Kisha akaenda kumenya ndizi. Afadhali angefoka.

Siku nzima najitetea moyoni. Waya nilifunga vizuri. Boksi halivuji. Kosa ni lake. Nimeomba. Maombi yamegonga mabati yakarudi.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kaja mwinjilisti wetu. Mtu wa Mungu, kilevi chake chai. Sabufa niliyomfungia imekufa. Harufu ileile. Na garini mwake hupigwa injili tu, asubuhi hadi jioni.

Nimesimama na bisibisi mkononi kama mjinga. Mwinjilisti akauliza, "Fundi, unaumwa?" Nikasema ni baridi.

Shetani hakuwemo kwenye gari lile. Basi ni mimi. Mkono wangu, au sikio langu. Nina hofu. Fundi wa muziki asiyesikia atakula nini? Na yale niliyomwambia Elibariki?

Jumamosi, 8 Juni

Nimeweka sabufa yangu ya majaribio kwenye gari la mwinjilisti. Nimemketisha Mama Upendo kiti cha mbele, anyooshe mkono besi ikianza kukwaruza. Nikaweka wimbo wa kwaya yetu, nikapandisha geni. Amenyoosha palepale niliposikia mimi. Sikio ni zima. Asante Yesu.

Nikarudi nyuma kidogo, kama kawaida yangu. Yeye akachoka na wimbo wetu, akabonyeza redio. Likaja pambio kutoka flashi ya mwinjilisti, la hawa waimbaji wa sasa. Sauti ya redio hakuna aliyeigusa. Lilitupiga kifuani. Vioo vikatetemeka, besi ikakwaruza kama debe la mawe. Mama Upendo kaziba masikio: "Zima, baba, unaniua!"

Nimekaa chini kwenye tairi.

Kwaya yetu ilirekodiwa na kipaza sauti kimoja, kimewekwa mbali. Sauti yake ndogo. Ili besi yake ishibe, napandisha geni kupita kiasi. Hizi za studio zimerekodiwa kwa nguvu zote, za dunia na za Bwana sawasawa. Zikiingia, amplifaya inazidiwa, sauti inakatika, koili inachemka mpaka inaungua. Nilikuwa nampima ng'ombe kwa mkokoteni mtupu. Miaka yote hiyo.

Elibariki hana kosa. Nami nimemwita mlevi mbele ya vijana.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi mwenzangu wa Ngaramtoni amenitumia toni kwenye simu. Mlio mmoja wa besi, umerekodiwa kwa nguvu kamili, vuuuu bila kupumua. Hauna dini, hauna dhambi. Unachomoa sabufa. Kitufe cha kuongeza besi unazima. Redio unapandisha hadi mwisho ambao mteja hatauvuka, unaweka alama. Mita kwenye matundu ya spika, geni juu taratibu hadi volti ambazo amplifaya ile inamudu. Unaacha hapo. Hakuna kubahatisha.

Nimefanya hivyo kwenye gari la mwinjilisti. Geni imeshuka karibu nusu. Nimeona aibu nikiwa peke yangu.

Kwa Elibariki sijaenda. Naogopa. Najitafutia kazi. Nimefagia banda mara mbili.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda Olmotonyi, nyumbani kwa Elibariki. Wakwe zangu ni watu wa Machame. Kwao, ukimpelekea mtu jani la sale kuomba radhi, hawezi kukataa. Mimi nilisita, mtu wa kanisa na mambo ya mila. Mama Upendo akasema, kwani hilo jani limeoteshwa na nani? Akanichumia kwenye ua wa jirani.

Nikafika, jani mkono wa kulia, sabufa mpya begani. Elibariki anaosha gari, majirani wamekaa ukutani. Hakuinua kichwa. Majirani wakataka kuondoka, nikawaomba wabaki. Nilimtukana mbele ya watu, nitubu mbele ya watu. Nikasema yote. Pombe ilikuwa uongo wangu. Sabufa niliunguza mimi.

Akalitazama lile jani muda mrefu. Mikono yake inadondosha povu. Akalipokea.

"Shemeji, ungeleta jani bila sabufa, ningekupa ndoo uoshe gari."

Wakacheka wote. Mimi pia, machozi yananitoka. Tumepima kwa toni, kisha tukafunga sabufa na kupiga wimbo. Ng'ombe wa jirani kaitikia.

Jumamosi, 15 Juni

Sendofu. Sikula. Nimekaa karibu na gari, pua na masikio kwenye buti. Binti alipoingia, Elibariki kapandisha redio mpaka kwenye alama. Singeli. Wenzangu wanacheza, mimi nanusa hewa kama mbwa.

Besi nzito. Safi. Harufu ni ya nyama tu. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine.

Elibariki kaja kunishika mkono. "Shemeji, unalinda benki? Njoo!" Akanivuta katikati ya shangazi zake. Nimecheza. Mungu anisamehe, au acheke.

Jumapili, 16 Juni

Ibada ya kwanza. Miguu inauma. Baada ya chai nimeanza kuwapigia wateja wa zamani, mmoja mmoja, walete magari nipime upya. Wawili wamenuna. Wana haki.

Elibariki kapita mchana, kala ndizi na nyama, kaomba mchuzi tena. Mambo ya gari hatujayagusa. Sasa amelala kwenye kochi langu, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka. Mama Upendo amekuja na kitenge, amemfunika hadi mabegani. Kisha amekaa kando yake, anachambua maharage bila kelele.