Wapangaji wa Chumba cha Upasuaji

Scranton, Pennsylvania
19 Juni

Dada yangu mpendwa Eulalie,

Nakusalimu wewe, shemeji Marcel na wapwa zangu wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Opelousas, na kwamba joto la Juni halijawatoa roho. Goti la baba linaendeleaje? Mwambie kwamba hakuna dawa ya kuchua itakayomfaa maadamu kila Jumamosi anapanda ngazi kwenda kusafisha mifereji ya paa. Mimi mwilini ni mzima. Zile soseji za wali ulizonitumia zilifika salama, nikazila zote nimesimama jikoni, kwa kuwa viti nimekwisha kuviuza.

Naam, dada, nahama tena. Safari hii ni Wichita, Kansas.

Najua hapo nyumbani hamwelewi ni daktari gani huyu anayehamahama kila kiangazi kama watu wa sarakasi, kwa hiyo nitakueleza mara moja, nisieleze tena. Wanaojifunza upasuaji tuko namna mbili. Wako wa kudumu, ambao siku ya kwanza tu hospitali huwaahidi miaka mitano, mpaka watakapokuwa wapasuaji kamili. Na tuko sisi wa muda. Sisi hupewa mwaka mmoja. Tunashika kisu kilekile, tunakesha zamu zilezile, tunatukanwa na wapasuaji walewale, kisha mwezi Juni tunashukuriwa na kuonyeshwa mlango. Hapa Scranton wa kudumu hutuita wapangaji. Mmoja wao hunisalimu kila asubuhi, "Vipi mpangaji, kodi umelipa?" Wenzake hucheka, nami hucheka pia, maana mpangaji asiyecheka hujulikana mara moja kuwa ana kinyongo.

Mwaka jana kule Toledo walinifundisha kukata uzi wa mshono karibu na fundo. Nilipofika hapa, mpasuaji wa kwanza niliyemsaidia aliniuliza ni kinyozi gani aliyenifunza kazi. Hapa uzi huachwa mrefu. Nikajifunza upya. Nikajifunza upya glavu zinakaa kabati gani, nani hapendi kuulizwa swali kabla ya kunywa kahawa, nani hukasirika usipouliza. Mpaka watu walipoacha kuniita "wewe wa Toledo", mwaka ulikuwa umekaribia kwisha. Kote nilikofanya kazi niliambiwa nifanye bidii, kisha tutaona. Dada, nimechoka na hiyo tutaona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi Machi mmoja wa wale wa kudumu aliacha upasuaji akaenda kusomea magonjwa ya ngozi, na kiti chake kikabaki wazi. Wapangaji wa mwaka wetu tulikuwa wawili, mimi na Rowena Dimaculangan. Rowena ametoka Ufilipino, ambako alikuwa tayari ni mpasuaji kabla ya kuja Marekani kuanza moja. Ni mtu wa maneno machache na mikono myepesi. Mwanawe anakaa kwa bibi yake huko Batangas, na kwa malipo ya mpangaji Rowena hajathubutu kumleta. Tulipoisikia habari ya kiti tulitazamana, tukacheka kidogo, na tangu siku hiyo tukaacha kula pamoja.

Mwezi Aprili alikuwapo mgonjwa mmoja, Mzee Kowalczyk, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekatwa kipande cha utumbo. Kila mtu aliona anaendelea vizuri. Asubuhi moja mkuu wa wapasuaji alinikuta kando ya kitanda chake, nikamwambia tumbo la mzee limekaza na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na kwamba tusingoje vipimo. Wakamfungua tena saa ileile. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Mzee alipona, akarudi kwake na mkewe, na mkuu akanisifu mbele ya mkutano mzima. Nilikupigia simu siku ile, unakumbuka? Ulilia kwa furaha.

Baada ya wiki mbili niliitwa na Dokta Haverkamp, mama anayesimamia mafunzo yetu. Alinikaribisha kiti, akaniambia kwamba kwa vyeti mimi na Rowena tunalingana, ila habari ya Mzee Kowalczyk imewafanya wengi wanielekee mimi. Wewe uliambiwa kwamba siku nne baadaye kiti alipewa Rowena. Uliponiuliza sababu nilikwambia sijui. Ukasema yule mwanamke amenizunguka, nami nikakuacha uamini hivyo. Tangu hapo umemtukana Rowena katika kila simu, na Jumapili uliniambia kwamba umeitafuta namba ya Dokta Haverkamp na kwamba utampigia umpe vipande vyake.

Eulalie, usipige simu hiyo. Aliyemnyima ndugu yako kiti ni ndugu yako mwenyewe.

Asubuhi ile ya Mzee Kowalczyk Rowena alikuwa akitoka zamu na mimi naingia. Kabla hajavua hata koti, alinishika mkono akasema, "Alcide, tumbo la yule mzee silipendi. Anza naye yeye, na usikubali wakwambie ngoja." Nilikwenda kwa sababu yake. Nilimwambia mkuu maneno yake. Niliposifiwa mkutanini yeye alikuwa kwake amelala, na mkutano ukaingia kwenye habari nyingine kabla sijafungua kinywa.

Pale mbele ya Dokta Haverkamp nikakifungua. Nilimwambia yote. Na wewe usije ukaniona mtakatifu, maana nitakwambia na lililokuwa moyoni: nilidhani atasema mtu mkweli namna hii hawezi kuachwa aende. Nilidhani nitapata heshima na kiti pia. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Sasa najua la kufanya." Nilitoka mle natabasamu, mjinga mimi. Lilipotangazwa jina la Rowena nilikwenda chooni nikaupiga mlango teke mpaka mguu ukavimba. Bado nina hasira. Nina hasira na Dokta Haverkamp, na Toledo, na hata Rowena, ambaye hajanikosea lolote. Ningeulizwa leo ningesema yaleyale, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jana Rowena alikuja kunisaidia kushusha godoro. Aliniletea bakuli la tambi za kwao. Tulipolifunga godoro juu ya gari alikaa kwenye ngazi, akaniambia kwamba ana neno ambalo hataki niondoke likiwa bado moyoni mwake. Akasema alijua nilisifiwa kwa kazi yake. Alingoja wiki nzima niseme, nisiseme. Aliona aibu kwenda kujitetea mwenyewe, asije akaonekana ombaomba. Akasema alinichukia. Kisha akanitazama machoni kwa upole na kusema, "Lakini yamepita. Nimekusamehe, kaka."

Amenisamehe, dada. Mimi!

Maneno yalinifika kwenye ulimi. Nikamwangalia. Mwanawe anakuja Agosti, tiketi imekwisha kukatwa. Nikaona nikimwambia niliyoyasema kwa Dokta Haverkamp, atakaa kwenye kiti hicho miaka yote akijiona amekalia changu, na atataka kunishukuru, nami sina nguvu ya kushukuriwa. Nikasema, "Ahsante, Rowena." Tukala zile tambi palepale kwenye ngazi kwa uma mmoja, na zilikuwa tamu sana.

Wichita wananirudisha mwaka wa pili upya. Nilipowauliza kuhusu kiti cha kudumu walijibu kama unavyodhani. Naondoka keshokutwa. Baba usimwambie kitu, nitamweleza mwenyewe nikifika. Mpe pole ya goti, wabusu watoto, na umwambie Marcel sijaisahau ahadi ya kwenda naye kuvua kamba wa mtoni, ila si mwaka huu. Nawe ukiniombea, mwombee na Rowena, kwa jina lake lote, na sasa ulitaje vizuri.

Wako akupendaye daima,
Alcide