Fimbo Iliyong'aa Kivulini

Nyumbani, upande wa karakana
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye mwanga wa kutosha, na mgongo wako umekupa nafuu. Mara ya mwisho tulipozungumza nilikusikia ukiguna ulipoinuka, kisha ukakisingizia kiti. Je, ulikwenda kwa daktari, au bado unamwambia Mama Mdogo kwamba ni baridi tu? Na goti lake yeye linaendeleaje?

Sisi tuko hai. Kikohozi changu kimekwisha. Paa la karakana linavuja palepale ulipoliacha likivuja, na ndoo ya bluu bado ndiyo inayotupokelea maji.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na Baba husikia kila neno. Masikio yake ni mazima kabisa.

Hivi karibuni utapokea mzigo mrefu uliotiwa ndani ya bomba la plastiki. Ni fimbo ya kuvulia samaki ambayo Baba amekutengenezea kwa heshima ya kustaafu kwako. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujalifungua bomba. Ikiwa mzigo umetangulia, basi iweke fimbo pembeni kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu ukiitoa utacheka. Uzi wote unaofungia vipete vya kupitishia mshipi unametameta, kuanzia kwenye mpini mpaka nchani, na utadhani kwamba baada ya miaka yote hii kaka yako amekubali kushindwa. Nakumbuka vizuri ugomvi wenu. Wewe ulikuwa ukiuchota ule unga wa kumeta kwa kijiko cha chai na kuumimina kwenye vanishi. Yeye aliuchukua kwa ncha ya kisu, akautia katika mpako wa pili tu, kisha akaufunika kwa mpako wa vanishi tupu. Ukizidisha, alikwangua kazi yote na kuanza upya mbele yako.

"Unampambia nani, samaki?" alikuwa akikuuliza.

"Samaki nao wana macho, Kaka."

"Ing'ae juani. Kivulini inyamaze."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na sidhani kama aliwahi kuivunja mlipokuwa pamoja.

Mabadiliko yalianza polepole mno, ndiyo maana siwezi kukuambia kwa yakini yalianza lini. Baada ya Mama kututoka, niliona fimbo zikizidi kung'aa, msimu hadi msimu. Mimi nikajijengea maelezo. Nilijiambia kwamba majonzi yamemlainisha, kwamba mtu aliyepoteza mwenzake huenda akaanza kukihitaji kitu kile kile alichokuwa akikidharau. Yalikuwa maelezo mazuri, na niliyapenda kiasi cha kutoyachunguza. Hata wateja waliyapenda matokeo yake. Wengine walidhani fundi amefuata mtindo wa kisasa.

Aliyenizindua ni Mzee Kofia, mteja wetu wa tangu enzi zenu, yule ambaye hata msibani hukaa na kofia yake. Alikuja na fimbo yake mpya begani, akasimama mlangoni mwa karakana.

"Fundi, hii umenitengenezea ya kuvulia au ya kwenda nayo harusini?"

"Ya kuvulia, kama unajua kuvua," Baba akamjibu.

"Basi samaki wako wanunulie kwanza miwani ya jua."

Walicheka wote wawili mpaka Baba akajifuta machozi. Lakini nilipomsindikiza mzee hadi barabarani, alinishika mkono, na kicheko kilikuwa kimemtoka. Akanielekezea vipete viwili vilivyokaa upande, kama meno yaliyoota vibaya. "Binti, huyu bwana hajawahi kunipa kitu kilichopinda," akasema. "Hebu niambie, anaona?"

Siku iliyofuata nilijifanya nina kazi ya kupanga vyombo karakanani, nikamtazama. Alikishika kikombe cha vanishi, akakisogeza dirishani, akatia unga kidogo, akakiinamisha huku na huku. Akaongeza. Akakiinamisha tena. Aliongeza na kuinamisha hivyo mpaka uso wake ukatulia, akasema peke yake, "Eh, sasa." Hapo maelezo yangu yote mazuri yaliporomoka. Alikuwa akiongeza mpaka auone.

Kisha akaiweka fimbo kwenye kile kimota ulichokitoa kwenye feni mbovu, ambacho bado kinazungusha fimbo taratibu ili vanishi isichuruzike, akawasha taa ya spiriti na kuupitisha mwali chini ya uzi kuyaondoa mapovu. Mwali ulikuwa karibu na mkono wa shati kuliko ulivyokuwa karibu na fimbo. Nilipofua nguo zake nilikuta mashati mengine mawili yenye kingo zilizoungua. Moja alikuwa amelikunja kwa ndani na kulishona mwenyewe, kwa mishono iliyokwenda kombo.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Aliuita ugonjwa huo presha ya macho. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa za matone huenda zikachelewesha kupotea kwa kilichobaki. Baba alisikiliza kwa adabu, kofia yake magotini, kisha akauliza swali moja tu: "Na kazi?" Daktari akamwambia moto na visu aviache. Sikumwona Baba akishtuka. Nadhani alikuwa akijua kwa muda mrefu, ingawa nimekwisha kudhani mengi juu yake na mengi yalikuwa makosa.

Njiani kurudi nyumbani ndipo alipolitoa shauri lake. "Baba yako mdogo hajawahi kupata fimbo yake mwenyewe kutoka kwangu," alisema. "Nitamtengenezea mdogo wangu moja. Yeye akisema imekaa sawa, naendelea. Akisema haikukaa sawa, nafunga karakana na ufunguo nakupa wewe."

Nikamwambia mimi naweza kuitazama.

"Wewe utanionea huruma. Yule hajawahi kunionea huruma hata siku moja."

Basi, Baba Mdogo, sasa unaelewa ni kitu gani kitakachokuwa mikononi mwako.

Ningependa kukuambia kwamba jambo lenyewe ni jepesi, kwamba fimbo ni mbaya na inatosha useme hivyo. Sivyo lilivyo. Ukiitazama kutoka kwenye mpini kwenda nchani, utaona vipete vyote vimenyooka. Alifunga uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, akauvuta ukakaza, kisha akapanga kila kipete kwa kukipapasa kwa kidole gumba. Ilimchukua muda mrefu kuliko fimbo yoyote niliyowahi kumwona akiitengeneza, na alinikataza kumsaidia. Mikono yake haijapungukiwa na kitu. Kilichozidi ni mng'ao tu. Kwa hiyo najiuliza: je, alizidisha kwa sababu hakuona, au safari hii alizidisha kwa makusudi, kwa sababu fimbo ni ya kwako na alitaka uipate kama ulivyokuwa ukiitaka siku zote? Nimeligeuza swali hili kila upande. Kuna saa naamini la kwanza, na kuna saa naamini la pili, na ninaiogopa ile saa ninayoamini lile linalonifariji.

Ilipokauka, aliniambia niitoe nje.

"Juani ikoje?"

"Inameta, Baba."

"Na kivulini?"

Nikairudisha ndani, nikaipeleka kwenye kona ya makabati, pale ambapo hata mchana hapana mwanga. Ilikuwa inang'aa kama kitu kilichowashwa. Nikamwambia sijaiangalia vizuri.

"Miaka yote hiyo chuoni, na fimbo huwezi kuiangalia?" alisema, na alikuwa akitabasamu. Akanyoosha mkono nikampa. Akaupitisha mkono juu ya uzi, kipete hadi kipete, mpaka nchani. "Haya, ifunge. Baba yako mdogo ataangalia."

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba umwambie fimbo imekaa sawa. Bila karakana hana pengine pa kwenda asubuhi. Tangu fimbo hii iishe, hukaa kitandani akisubiri nimwambie chai iko tayari, kama mgeni nyumbani kwake. Kisha nikayakumbuka yale mashati. Siwezi kukuomba udanganye, na siwezi kukuomba useme ukweli ambao mimi mwenyewe nilisimama nao kwenye kona ile nikashindwa kuutamka. Ninachokuomba ni kwamba, lolote utakalomwambia, usisahau kumwambia pia kwamba vipete vimenyooka. Hilo halina shaka, na sijui kama kuna mwingine atakayemwambia.

Msalimie sana Mama Mdogo, umwambie ule mtandio alioniletea bado ninao na bado naonewa wivu. Wasalimie wanao mapacha wote wawili, na yule mkwe wako mcheshi ambaye tunamfahamu kwa sauti tu. Shangazi mkubwa anakusalimu na anauliza kama unakula. Mungu akutunzie mgongo wako, akutunzie na macho yako, yakae nawe hadi siku ya mwisho ya maisha yako.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye kama siku ile ulipoondoka.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii Baba alipoingia akipapasa ukingo wa meza. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, "Baba Mdogo." Aliuweka mkono wake juu ya karatasi, kana kwamba anaweza kuisoma kwa vidole. Akasema niongeze neno moja kutoka kwake, nami naliandika kama alivyolisema:

"Mwambie aitazame kivulini kwanza."