Picha ya Chumba cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Jua la kupasua kichwa na hakuna anayenunua miwani ya jua. Bahati yangu hiyo! Ubao wa biashara nimemwachia fundi viatu, nikaingia makumbusho ya picha kupoza jasho. Kuingia bure. Zamani nyumba ya tajiri, kakusanya picha maisha yake yote. Alipofariki, mkewe akawafungulia watu milango. Picha hazina maandishi, marehemu aliusia hivyo. Afadhali — maelezo marefu ya ukutani hunichosha.
Chumba cha tatu kina mlinzi. Dada mmoja… nimesahau hata nilikotoka.

Jumanne, 5 Machi
Nimerudi. Nikasimama mbele ya picha iliyo jirani na kiti chake, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Ukipinda shingo kidogo, jicho moja linamfikia. Shingo inauma.

Alhamisi, 7 Machi
Kaniongelesha! Eti picha ile kila mtu anaipita, mimi tu ndiye nimeielewa. Nikashusha pumzi. "Dada, hii inataka moyo." Mimi huyu! Fundi viatu kacheka mpaka kamwaga gundi. Anasema nikizidi kusimama watanipiga msumari ukutani.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Dada kamsimulia mjane wa yule tajiri. Kumbe picha ile kaichora bibi mwenyewe, ndiyo yake pekee humu ndani! Kesho anakuja kumwona "yule kijana". Dada kafurahi kama ni harusi. Nimeazima shati la fundi. Linanuka gundi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nikiwa chooni, makumbusho. Nimejifungia.
Bibi kaja na mkongojo, kanishika mkono. "Haya, mjukuu wangu, unaona nini?" Ndipo nikaitazama — mara ya kwanza, haki ya Mungu. Kiti. Kiti kitupu, mto wake umebonyea, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Bibi ananitazama mdomoni. Maneno niliyojipangia, eti rangi zimekolea, hayakufaa tena. Nikasingizia tumbo.
Dada anagonga. Anasema bibi bado kasimama, kakataa kukaa. Halafu taratibu: "Kaka, siku zote hizo ulikuwa unatazama nini?"
Jibu lake ninalo, lakini si la kupitishia mlangoni. Kwa bibi nitasema tu picha yake sikuwa nikiitazama. Nimuulize nani alikuwa akikaa pale. Kisha dada —
Kitasa kinazunguka; kumbe ana ufunguo.