Kofia Aliyovalishwa Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1957

Kaka Yordani amepewa pikipiki! Si yake — ni ya shamba la mkonge. Lakini yeye ndiye mwendeshaji. Atakuwa tarishi: kuchukua barua na vipuri kutoka ofisini hapa Korogwe mpaka shamba la pili, upande wa Handeni, kupitia Mkata. Bibi anaiita tukutuku na hataki hata kuisogelea.

Amepewa na kofia yake. Ngumu, nyeusi, ndani ina kitambaa kinene, na mkanda wa kufungia kidevuni. Meneja amemwagiza aivae kila safari. Athuman fundi cherehani alipomwona anapita alimwuliza kama ugali umeshaiva kwenye hiyo sufuria. Baraza zima lilicheka. Yordani naye alicheka, lakini alipofika nyumbani kofia ilikuwa mkononi.

Alhamisi, 7 Machi

Habari mbaya. Kaleb, aliyekuwa na pikipiki ya watu wa barabara kule Handeni, amefariki. Yordani alimfahamu. Alianguka kwenye mchanga, kichwa wazi. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akaisukuma pikipiki mpaka kwake. Hakutoka damu hata tone. Alikunywa chai, akawachekesha watu, akasema usingizi unamlemea. Hakuamka.

Watu wanasema ni mkono wa mtu. Bibi pia anasema hivyo. Leo nilimwuliza Mwalimu Bernadina katika somo la afya. Alichora fuvu ubaoni. Alisema damu huweza kuvuja ndani ya fuvu bila kuonekana nje. Fuvu halitanuki, kwa hiyo damu huukandamiza ubongo. Mtu kwanza huonekana mzima kabisa. Baadaye kichwa humwuma, hutapika, maneno humpotea, usingizi humshika. Huyo asiachwe alale tu. Apelekwe hospitali hapo hapo, hata akisema hajambo.

Nimeyashika yote. Nataka kuwa muuguzi. Hilo nimemwambia Yordani peke yake.

Jumapili, 10 Machi

Nilifanya jaribio. Nilichukua mayai mawili ya Mama. La kwanza nililitia kwenye kibuyu kitupu, la pili kwenye kibuyu nilichokijaza nyuzi za mkonge. Nikaviangusha vyote kutoka juu ya ukuta, mbele ya Yordani.

Yai la pili lilikuwa zima. La kwanza nalo lilionekana zima! Gamba halikuwa na ufa. Yordani akacheka, akasema haya, mwalimu, umeshindwa. Nikalipasua kwenye sahani. Kiini kilikuwa kimepasuka chote, kimechanganyika na ute.

Akaacha kucheka. Alikitazama kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Justa, nitaivaa."

Mama alinigombeza sana kwa sababu ya mayai. Alisema Kwaresima si wakati wa kuchezea chakula.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuivaa! Yaani anaivaa, halafu anaivua. Leo amesema ukweli.

Pale Mkata nyumba ya Mzee Semboja iko kando ya barabara. Huyo ni baba yake Efrazia, mchumba wa Yordani. Ndoa ni baada ya Pasaka. Wiki iliyopita Yordani alipita akiwa amevaa kofia na miwani ya vumbi. Mzee alikuwa amekaa nje na wenzake. Alimwita, Yordani hakusikia. Wala hakuna aliyemtambua mpaka alipokwisha kupita. Mzee ametuma maneno kwa Mama. Anauliza ni mkwe gani huyo anayepita mlangoni kwa mkwewe amefunika kichwa na uso, hasemi shikamoo, kama afisa wa serikali anayekwenda kukusanya kodi.

Mama aliona aibu mpaka akashindwa kula.

Basi sasa Yordani akikaribia Mkata huvua kofia na kuitundika kwenye usukani. Na kwa kuwa kuna wazee kila kijiji, haivai tena mpaka Handeni. Nilimwambia kichwa hakijui kijiji. Akajibu kwamba kichwa hakijui, lakini posa inajua. Akanipigapiga begani. Anampenda sana Efrazia.

Mvua za masika zimeanza huko milimani. Mto umebadilika rangi.

Jumatano, 20 Machi

Nimeota pikipiki ikija nyumbani peke yake, polepole, ikasimama mlangoni. Sikumwambia Bibi. Angesema ni dalili. Mimi nimefundishwa kwamba ndoto si dalili. Hata hivyo asubuhi nilikwenda kugusa kofia yake pale msumarini. Ilikuwa ya baridi na ina vumbi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepata njia! Kama shida ni kutotambuliwa, basi atambuliwe. Nilimwomba Athuman rangi nyeupe iliyobaki alipoandika kibao cha duka. Aliuliza tunapaka sufuria ya nani, lakini alinipa, na brashi akaniazima. Nimezungusha mstari mmoja mweupe juu ya kofia, mpana, unaonekana mbali. Yordani atapunguza mwendo kila penye wazee na kuinua mkono wa kulia. Kila mtu atajua: mwenye mstari mweupe ni Yordani, na ule mkono ndiyo shikamoo yake.

Yordani amesema ni akili nzuri, ila Mzee Semboja lazima aambiwe kwanza, na si yeye wa kumwambia. Mkwe hajielezi mwenyewe.

Jumapili, 24 Machi

Tumekwenda Mkata, Mama na mimi, kwa basi. Mama alipeleka mchele na maneno ya kuomba radhi. Mzee Semboja ni mrefu, mkavu, anaongea kwa kupumzika. Nilipiga magoti nikamwamkia. Mama alimwambia mtoto huyu ana jambo, anasoma kwa masista.

Nilimweleza. Sikutaja kifo, Mama alinikataza kutaja kifo kwenye nyumba ya posa. Kwa hiyo nilisema kofia ile ni kitu cha heshima, imetolewa na meneja mwenyewe, haipewi kila mtu. Nilisema mstari mweupe ni kwa ajili yake, Mzee, ili amjue mwanawe akiwa mbali.

Aliomba kofia tuliyokuja nayo. Aliigonga kwa kidole. Akavua kofia yake ya kitambaa, akaivaa ile, akamgeukia mke wake amtazame. Mkewe alisema sasa anafanana na kobe. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na sisi tukaweza kucheka.

"Kumbe ni kofia ya heshima," alisema. "Basi avae. Nimeruhusu."

Efrazia alinisindikiza mpaka kwenye basi. Alinishika mkono njia nzima. Pale basi lilipokuja alisema asante, wifi.

Jumapili, 31 Machi

Wiki nzima Yordani amevaa kofia kutoka Korogwe mpaka Handeni na kurudi. Wazee wa njiani sasa nao wanainua mkono. Hata Athuman ameacha sufuria, anamwita Bwana Mstari. Mama anaimba jikoni. Nami nimelala vizuri.

Mvua imeshuka mpaka huku chini. Yordani anasema magogo ya daraja dogo, upande huu wa Mkata, yana utelezi kama sabuni.

Jumatano, 3 Aprili

Mzee Semboja ametuma habari. Jino linamsumbua, anataka kuling'oa hospitali hapa Korogwe, na tena anataka kuja kuiona nyumba atakamoishi binti yake. Hataki basi. Anataka kuja kwa pikipiki, nyuma ya mkwewe, watu wa Mkata wamwone. Jumamosi Yordani atakuwa anarudi kutoka Handeni, atampitia.

Mama amefurahi, halafu ameogopa, halafu ametenga jogoo. Bibi anafagia ua ambao umeshafagiwa.

Mimi nilimwuliza Yordani: kofia ni moja, watu wawili. Atavaa nani? Alinitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. Alisema, "Nimkalishe mkwe wangu nyuma kichwa wazi, mimi mbele nimevaa kofia ya heshima? Wewe mwenyewe ndiye uliyeiita hivyo."

Nilimwambia aende polepole sana darajani. Alisema atalivuka kwa kusukuma.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nilimwuliza Mwalimu Bernadina kama kofia za pikipiki zinauzwa Tanga. Alisema labda, kwa Wahindi. Aliuliza kwa nini. Nilimweleza. Alisahau kufuta ubao.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamefika! Saa nane mchana nilisikia mlio, nikatoka mbio. Mstari mweupe niliuona kwa mbali. Kisha nikaona mstari umekatika. Kofia ina ufa kutoka kisogoni mpaka karibu na sikio, rangi imebanduka. Chini yake ni Mzee Semboja, ametapakaa matope, anacheka.

Waliteleza darajani. Mzee mwenyewe ndiye aliyesimulia. Yordani alitaka kusukuma, Mzee akasema asiwaonyeshe watu kwamba mkwe wake anatembea kwa miguu kwenye matope. Wakapanda. Tairi la nyuma likakimbia. Mzee alitupwa kwenye nguzo ya daraja, akasikia kofia inalia kama nazi. Ameumia bega kidogo tu. Anasema kijana aliinuka kabla yake na kumfuta matope, hana hata mkwaruzo.

Kweli hana mkwaruzo. Nimemtazama kila mahali. Hana damu.

Mama ametoa machozi ya furaha, amemchinja jogoo. Bibi amesema Mungu ni mwema. Yordani alikunywa chai. Alisema jambo la kuchekesha kuhusu daraja, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa karibu naye nikamwuliza kwa sauti ndogo aliangukia wapi. Akasema ubavu. Na kichwa? Akasema kidogo tu, kwenye gogo.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema siku ya kwanza mkwe anakanyaga nyumbani, yeye aondoke kwenda kulazwa? Mama akanifanyia ishara ya jicho.

Sasa hivi ametapika nyuma ya jiko. Amesema ni chai. Amekuja kulala kwenye mkeka wangu, amenigeuzia mgongo, anasema kichwa kinagonga na usingizi unamlemea. Neno lile lile.

Nimevunja adabu. Niliingia sebuleni bila kuitwa, mbele ya wakubwa, nikaiweka kofia miguuni pa Mzee Semboja. Nikamwambia, "Mzee, kofia hii imepasuka kwa ajili yako. Kichwa cha Yordani hakikuwa na kofia. Kaleb wa Handeni naye hakutoka damu."

Mama alisema Justa! Lakini Mzee alipitisha kidole kwenye ufa, taratibu, mpaka mwisho wake. Uso ukambadilika. Alisimama. Ameamuru gari litafutwe. Athuman amekimbia na baiskeli kwenda ofisi ya shamba kuomba lori.

Mimi nimeambiwa nisimwache alale. Mwalimu alisema muuguzi huandika anachokiona, basi naandika. Nimemwinua ameegemea ukuta. Mzee amekaa upande wa pili, amemshika mkono kama mtoto. Namwuliza maswali. Jina langu — amesema Justa. Leo ni siku gani — amesema Jumatano, kisha akasema hapana. Anaongea polepole, kama anayetafuta kitu gizani.

Lori bado. Mvua imeanza tena juu ya bati.

Nimemwuliza jina la mchumba wake. Ametabasamu. Amesema ngoja, nalijua. Amefumba macho alitafute.

Bado analitafuta.